Skrini ya kuonyesha sadaka kanisani: ripoti iko sawa kabisa, skrini yenyewe zimeni

Hii ni rivyu kwa wale mnaoshika hesabu za kanisa hapa Nairobi, hasa sisi wa makanisa madogo ya mtaani ambao hatuna mhasibu wa kuajiriwa. Naongea kuhusu ile huduma ya kupokea sadaka kwa simu halafu majina ya watoaji yanatokea kwa skrini papo hapo ibada ikiendelea. Jina la kampuni siweki, kwanza nina mabaya ya kusema na sina pesa ya wakili, pili ziko kadhaa na ukiangalia demo zao karibu zote ni watoto wa mama mmoja. Kama mko kwa hii kazi vijana wao wa mauzo wameshawapigia, wanapiga sana kuanzia mwezi wa kumi na moja, wanajua kuna harambee za kufunga mwaka halafu Januari ni malimbuko.

Sisi tuko Eastlands, kanisa la mabati, ibada mbili Jumapili. Mimi ni mweka hazina msaidizi, kumaanisha kazi ni yangu na saini ni ya mkubwa wangu.

Vile inafanya kazi ni rahisi. Mnabaki na Paybill yenu ile ile, yaani namba ya kupokea malipo ya M-Pesa, wao wanaiunganisha na sistimu yao, mtu akituma pesa anaandika pale kwa akaunti ni ya nini, fungu la kumi, shukrani, jengo, misheni, basi pesa ikiingia sistimu inaiandika kwa kitabu cha kompyuta, inamtumia mtoaji meseji ya asante yenye jina la kanisa, na halafu, hii ndio wanauza hasa, jina lake linaruka kwa skrini mbele ya kanisa lote pamoja na kiasi, na kengele inalia. Pembeni kuna grafu ya kuonyesha mmefika wapi kwa lengo la siku, chini kuna orodha ya waliotoa zaidi, wa kwanza amewekewa taji. Taji la dhahabu, na linang'aa.

Nianze na mazuri maana yapo na ni mengi. M-Pesa iko na sisi tangu Machi 2007 lakini hesabu ya kanisa kwa wengi wetu bado ni ya kalamu. Kabla ya hii kitu nilikuwa nabaki baada ya ibada ya pili na shemasi, tunahesabu kapu, tunaandika, tunasaini wote wawili, hiyo ni sawa na hata sasa bado tunafanya. Shida ilikuwa pesa za simu. Jioni unakaa na meseji za Paybill moja moja, huyu ameandika "sadaka", huyu ameandika jina la mtoto wake, mwingine ameandika namba ya nyumba yake kwa sababu asubuhi alikuwa analipa kodi na mkono umezoea, sasa wewe ukisie ni pesa ya nini na Jumatano komiti inakuuliza mbona jengo limepungua. Sasa hiyo imeisha. Sistimu inapanga yenyewe, na zile haijaelewa inaziweka pembeni unazipanga wewe. Mwisho wa mwezi unatoa ripoti kwa Excel, wakaguzi wetu wa ndani walikuja kabla ya mkutano wa mwaka wakamaliza kazi mapema hadi wakapata muda wa chai. Muumini akitaka barua ya matoleo yake ya mwaka unaitoa hapo hapo ukiwa umesimama. Pia walituelezea vizuri habari ya makato ya Paybill, kwamba yanaweza kubebwa na mtoaji, au na kanisa, au mkagawana, kitu ambacho mimi miaka hiyo yote hakuna mtu alikuwa ameniambia.

Kufunga mitambo pia hakuna neno. Kijana alikuja Jumamosi, mpole, ameshikilia begi yake vizuri, akaunganisha na laptopu yetu ya zamani na projekta ya mkono wa pili ya Luthuli Avenue, ikakubali. Stima ikipotea katikati ya ibada, na inapotea, pesa zinaendelea kuandikwa kwao, ukirudi unazikuta. Bei ni sh3,500 kwa mwezi pamoja na meseji kiasi fulani, mkipitisha mnaongeza. Kwa kazi ya ripoti peke yake ningelipa hiyo bila kusumbuana.

Sasa skrini.

Tuliianza siku ya harambee ya vyoo vya watoto. Na nisidanganye, pesa zilipanda. Zilipanda sana. Yule kijana wa mauzo alikuwa amesema mapema, "Mzee, watu hutoa zaidi wakionekana," na hapo alisema ukweli mtupu, huwezi kumlaumu kwa uongo. Shida ni kwamba ukishauza kuonekana, watu wanakuja kununua kuonekana, na wanunuzi wanajua kutafuta bei nzuri kuliko vile wewe unadhani.

Kuna ndugu mmoja alitoa elfu mbili. Lakini hakutoa elfu mbili, alitoa mia mbili, halafu mia mbili, halafu mia mbili, jina linaruka, kengele inalia, jina linaruka, hadi watu wa nyuma wakaanza kumpigia makofi kama ni mchezaji. Mimi nikiwa kwa laptopu naona makato yanavyohesabiwa kila mara nataka kulia. Vijana wengine walikuwa wamesimama simu juu wakingojea jina lao lije wapige picha waweke kwa stetasi. Na kuna mwingine, huyu aliniambia mwenyewe baadaye tukiwa kwa stage, alitoa kwa Fuliza. Fuliza, ile ya kukopeshwa na simu na kutozwa kila siku hadi ulipe. Alikuwa ameona mtu wa rika lake ametokea kwa skrini na mke wake yuko hapo kando yake, angefanyaje. Hiyo pesa tuliiandika kama sadaka ya hiari. Paulo anasema kwa 2 Wakorintho 9 mtu atoe kama alivyokusudia moyoni, si kwa kulazimishwa. Sisi hatukumlazimisha mtu, tulimwekea tu kengele.

Halafu kile kiboksi cha akaunti. Sikilizeni hapa vizuri mkiwa mnapanga kununua. Pale mtu anaweza kuandika chochote, na kile ameandika kinatokea kwa skrini vile vile alivyoandika. Ibada ya pili tulipata tangazo la keki za harusi na namba ya simu, kwa shilingi hamsini, hakuna bango la bei hiyo Nairobi nzima. Baada ya hapo ikaja elfu kumi kutoka kwa mtu ambaye hata hayuko kanisani, na kwa akaunti ameandika jina la mheshimiwa fulani na 2027, mwaka wa uchaguzi. Kanisa likanyamaza, halafu upande mmoja ukapiga vigelegele. Pasta alikuwa amesimama mbele na maikrofoni, akabaki ameangalia skrini.

Na hii si mambo madogo kwa hii nchi yetu. Mnakumbuka 2021 Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Waanglikana alisema wanasiasa wasipewe mimbari, wakae chini waabudu kama wengine. Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Wakatoliki Nairobi akakataa pesa ambazo Rais alikuwa ametoa kanisa la Soweto huku kwetu Eastlands, akasema zirudishwe, na zilikuwa mamilioni, si mchezo. Uliza kanisa lolote lenye jengo halijaisha kama hiyo ni rahisi. Sasa hao wazee wamehangaika kumtoa mwanasiasa mimbarini na sisi tumemfungulia dirisha la kompyuta, na kila mwezi tunalilipia.

Nilipiga kastoma kea Jumatatu. Wanashika simu haraka, hiyo nawapa. Dada wa huko alikuwa na adabu, akasema kuna kichujio cha maneno lakini kiko kwa paketi ya juu, akauliza, "Lakini mzee, si makusanyo yaliongezeka?" Nikamwambia yaliongezeka. Akasema basi anafurahi kutuhudumia. Sijui ningemjibu nini, kwa mtazamo wake kazi imefanyika.

Komiti ilikaa juu ya hii maneno na nataka niwape yale yalisemwa kwa sababu na nyinyi mtayasikia kwenu. Mwenyekiti na nusu ya wazee walikuwa wanataka skrini ibaki, na hawakuja mikono mitupu, walikuja na Biblia. Mathayo 5:16, nuru yenu iangaze watu waone matendo yenu mema. Daudi kwa 1 Mambo ya Nyakati 29 anatangaza mbele ya mkutano wote dhahabu yake mwenyewe aliyotoa ya hekalu, talanta elfu tatu, na wakuu wakafuata, na watu wakafurahi. Barnaba ametajwa kwa jina kabisa mwisho wa Matendo 4, aliuza shamba akaleta pesa. Mzee mmoja akasema na hapa kwetu tangu zamani harambee jina husomwa, mtu akichangia matanga jina lake linasomwa na kiasi, na wasiposoma watu wanasema mweka hazina amekula. Na hapo ana haki. Mimi mwenyewe ningependa jina lisomwe kuliko nishukiwe.

Lakini ukisoma hizo sehemu polepole zinakugeukia. Ile ya nuru inaishia kwa watu kumtukuza Baba, si kwa kupiga picha ya skrini. Daudi akimaliza kutangaza anageuka kuomba, anasema vitu vyote vimetoka kwako na katika vilivyo vyako tumekupa, na anasema Mungu ndiye anayejaribu moyo, yaani hata mfalme na dhahabu yake yote anajua kuna hesabu nyingine inafanywa mahali yeye hashiki kalamu. Na Barnaba ndio kabisa. Barnaba anatajwa mwisho wa mlango wa nne, ukifungua wa tano anayefuata ni Anania na Safira. Wamefuatana bega kwa bega. Mtu aliuza shamba, watu wakamjua, na wenye shamba lingine wakataka kujulikana vile vile ila kwa bei nafuu kidogo, wakaficha sehemu ya pesa. Petro hakumwambia Anania umetoa kidogo, alimwambia shamba lilikuwa lako, na hata baada ya kuuza pesa ilikuwa mikononi mwako. Hakuna aliyekuwa amemwekea lengo wala grafu. Alitaka tu aonekane ametoa yote. Nikisoma hapo namwona ndugu yangu wa mia mbili mia mbili, na wala si mtu mbaya, ni mtu anayebeba maji ya kanisa kila Jumamosi bila mtu kumwona na hajawahi kulalamika. Hii ndio inaniuma. Tulichukua mtu aliyekuwa anatumika kwa siri tukamfundisha kutumika kwa kengele.

Mathayo 6 haikuhitaji kufafanuliwa na mtu kwa komiti, ilisomwa tu, ile ya wanaopiga tarumbeta mbele yao watoapo sadaka, wameshapata thawabu yao. Mama mmoja wa kikundi cha akina mama akauliza kwa upole, "Sasa wazee, hiyo kengele ni nini?" Watu wakacheka lakini kicheko kile cha kuangalia chini.

Kuna upande mwingine pia wa Paulo, na lazima niseme maana kuna wenzangu walikuwa wanataka pesa za ile siku zirudishwe zote, eti zimechafuka. Wafilipi 1, Paulo yuko kifungoni na kuna watu wanahubiri kwa wivu na ushindani ili wamuumize, na anasema potelea mbali, Kristo anahubiriwa, mimi nafurahi. Kwa hivyo sirudishi pesa ya mtu kwa kumpima moyo, moyo wa mtu hausomeki kwa Excel. Vyoo vimesimama, watoto wanatumia, havina harufu ya unafiki. Ile elfu kumi ya mheshimiwa peke yake ndio komiti iliirudisha, na kuirudisha kwa Paybill ni safari nyingine ya barua, sistimu haina kitufe cha kurudisha, andikeni hiyo kama kasoro.

Kitu kingine ambacho hawaweki kwa demo. Ibada yetu inaenda laivu YouTube, na skrini iko nyuma ya mhubiri, kwa hivyo jina la mtu na pesa yake vinaenda dunia nzima na vinabaki huko. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu imani ya mtu na habari za mali yake kama data nyeti. Hapa mna zote mbili kwa sentensi moja, fulani anaabudu hapa na ametoa kiasi hiki. Safaricom wenyewe siku hizi wanaficha namba ya mlipaji, sisi tunatangaza. Niliuliza kampuni idhini ya waumini tunaichukua vipi, nikaambiwa mtu akishatuma pesa amekubali. Sidhani Kamishna wa Data angefurahia hilo jibu. Mkinunua, wekeni karatasi mtu asaini, na asiyesaini asionyeshwe. (Na laivu ni habari nyingine, siku hizi kamera ikigeuka upande wa kushoto mikono ya upande wa kushoto inaenda juu, ikigeuka kulia inashuka ya kushoto. Timu ya sifa wakiona hapa wasinikasirikie, si nyinyi tu.)

Na wale wa kapu. Sistimu haiwajui. Mtu akitoa noti au sarafu haionekani popote siku hiyo, mimi naiingiza Jumatatu kama jumla moja. Kuna shosho wetu hutoa hamsini kila Jumapili, anaifungua kwa kona ya leso. Baada ya ile harambee alinishika mkono mlangoni, "Mwanangu, yangu ilitokea?" Nikamwambia shosho iko kwa hesabu. Akasema ndio, lakini ilitokea? Jumapili iliyofuata alikuja na mjukuu amshikie simu. Yule mjane wa Marko 12 alitoa mbili zake Yesu akiwa ameketi anaangalia, na hakuna mahali tunaambiwa alijua anaangaliwa. Sisi wetu tumemfanya aulize kama ametokea.

Mwishowe komiti ikapiga kura na skrini ikazimwa kwa tofauti ndogo sana. Tumebakisha jumla peke yake siku za harambee, namba moja inayopanda, bila majina, bila kengele, na taji limetoka. Majina tunayaweka kwa ripoti ya mwaka kwa mwenye kutaka kuthibitisha yake, anakuja ofisini anaonyeshwa yake tu. Makusanyo ya harambee yameshuka, na hayajarudi pale yalikuwa. Fungu la kumi la kila mwezi halikusonga hata kidogo, halikupanda skrini ikiwaka na halikushuka ilipozimwa. Kila mtu achukue hiyo vile anavyoona, mimi naona kuna pesa ilikuwa sadaka na kuna pesa ilikuwa bei ya tiketi. Kuna familia mbili tatu zimehama wakaenda kanisa lingine barabara hiyo hiyo, lenye skrini kubwa kuliko yetu. Mwenyekiti bado ananikumbusha.

Nyota sasa. Ripoti na hesabu, tano. Kufunga na msaada wa simu, nne, wangepata tano kama yule dada angenisikiliza. Usiri wa watu, moja. Skrini, sijui niipe nini, inafanya kazi vile imetengenezwa kufanya na ndio shida yake. Kwa jumla weka tatu.

Mkienda kununua, ulizeni mambo haya kabla hamjasaini: kiboksi cha akaunti kinaweza kufungwa kiwe na orodha ya kuchagua tu? Majina yanaweza kuzimwa na jumla ibaki? Data yenu mkiondoka mnapewa yote au mnaachiwa ripoti za PDF? Na nani kwao anaona majina ya waumini wenu, maana kijana wetu wa mauzo siku moja alinitajia mtoaji wetu mkubwa kwa jina kama mtu anayemjua, na sikuwa nimemwambia.

Kitu cha mwisho, wana paketi ya ripoti peke yake bila skrini ya majina, ni sh1,500, haiko kwa tovuti yao na haiko kwa zile karatasi wanagawa. Ukiuliza watakuambia iliondolewa. Haijaondolewa, sisi ndio tunatumia sasa.